Sifa za Karata Zilizomo Katika Kompyuta ya Mwajiri

Miongoni mwa watumishi wote waliowahi kuingia ofisini bila barua ya maombi, hakuna aliyetumika sana na kulaumiwa sana kama Solitaire, yaani ule mchezo wa karata wa mtu mmoja ambao Microsoft iliuweka ndani ya Windows 3.0 mwaka 1990, na ambao mchezaji wake hupanga karata kuanzia ree hadi mfalme, kopa kwa kopa na shupaza kwa shupaza. Uliandikwa mwaka 1988 na Wes Cherry, aliyekuwa katika mafunzo ya kazi kwenye kampuni hiyo, naye hakulipwa mrabaha hata senti moja, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba uliletwa kwa tamaa ya fedha.

Umma ulijifunzia hapo kutumia kipanya, kile kifaa cha mkononi kinachoongoza mshale kwenye skrini, kwa kuwa anayeweza kuburuta karata na kuiachia mahali pake anaweza kuburuta faili. Kwamba somo hilo la dakika chache limeendelea kwa zaidi ya miaka 30 ni ushahidi wa ari ya wafanyakazi ya kujiendeleza.

Fadhila yake kuu, hata hivyo, ni ya kimaadili. Mtumishi aliyekabidhiwa kompyuta mpakato ya ofisi, akijua kwamba si mali yake na kwamba idara ya TEHAMA inaweza kuona kila programu anayoifungua, hukaa akipima: ripoti haijaisha, lakini bosi yuko kikaoni, muda ni wa mwajiri, lakini mapumziko ni haki. Tafakuri nzito namna hii, ambayo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe, haijawahi kuchochewa na jedwali lolote la bajeti. Masikio nayo hunoleka, hata nyayo za mkuu wa idara zikatambulika zingali ngazini.

Cherry alikuwa ameliwazia hilo, akaweka kitufe cha bosi, yaani kitufe ambacho kikibonyezwa huzifunika karata kwa jedwali bandia la hesabu. Microsoft, pasipo huruma, ikamtaka akiondoe. Hasara yake ilionekana mwaka 2006, pale Michael Bloomberg, meya wa New York, alipotembelea ofisi ya jiji lake huko Albany akaona karata kwenye skrini ya mtumishi mmoja, na mtumishi huyo akafukuzwa kazi. Kitufe kingalikuwapo, meya angaliona safu za tarakimu tu, na huenda angalimsifu mbele ya wenzake.