Wajumbe wa Washington Walipwe Posho kwa Faranga

Kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, Washington.

Wakazi wa mitaa ya Buyenzi, Bwiza na Kamenge, Burundi, wanalisalimu Shirika kwa heshima zote. Salamu zinatoka kwenye mstari wa mafuta, mahali ambapo muda wa kutunga barua haukosekani.

Wanakumbuka kwamba Burundi ilianza kurekebishwa uchumi mwaka 1986. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule ameanza kuota mvi, na marekebisho bado yanaendelea. Wanakumbuka na kahawa. Benki ya Dunia, jirani wa Shirika hapo ng'ambo ya barabara, ilihimiza sekta hiyo ibinafsishwe. Mwaka 2009 kampuni ya Webcor ya Uswisi ikanunua vituo 13 vya kuoshea kahawa. Miaka kama kumi baadaye serikali ikaunda ofisi ya kahawa, ODECA, ikairudisha kahawa mikononi mwake. Mkulima wa Kayanza amebadilishiwa mabwana mara mbili bila kutoka shambani.

Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga kwa karibu asilimia 38. Julai, Shirika likaidhinisha mkopo wa dola milioni 271. Hesabu ilisema pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani litazibika. Mwaka 2025 dola ilikuwa karibu faranga 2,900 benki, na zaidi ya 7,000 mtaani. (Serikali nayo ina yake ya kujibu; hiyo ni barua nyingine.)

Basi ombi ni hili: ujumbe ujao wa Shirika ulipwe posho kwa faranga, kwa bei rasmi. Wajumbe washuke uwanja wa Melchior Ndadaye, dola zao zibadilishwe kwa bei hiyo, wapewe risiti yenye mhuri. Waende sokoni kununua ndagala. Wamweleze mama muuzaji kwamba bei yake haiendani na kiwango rasmi; atawasikiliza hadi mwisho, kisha atafunika kapu. Gari lao likiishiwa esansi, wamtafute kijana wa kuwaletea chupa mbili kutoka Uvira, ng'ambo ya mpaka, kupitia Gatumba, bila stakabadhi ya kuambatanisha kwenye ripoti. Utamu wenyewe uko siku ya kuondoka: faranga zilizobaki wazirudishe ziwe dola, kwa bei ileile. Karani atawajibu kwa adabu kwamba dola hakuna, warudi kesho. Kesho pia warudi kesho.

Mtu anayetoka mtaa wa Kinama alfajiri kwa miguu, akashinda kazini, akarudi kwa miguu usiku kwa kuwa basi halina mafuta, hakukopa senti Washington. Mshahara wake ulikatwa thamani na hakuna aliyemwuliza. Wakubwa wa pande zote mbili walipeana mikono, hayo wakayaita mageuzi. Ni dharau, tena dharau ya miaka. Shirika liwawie radhi, kalamu imeteleza.

Maombi mengine ni madogo. Ripoti itoke pia kwa Kirundi na Kiswahili. Mkutano mmoja uhamishwe kutoka hotelini hadi kituo cha mabasi, saa kumi na moja jioni. Kahawa itakayonywewa iwe ya Kayanza, na mkulima alipwe taslimu siku hiyohiyo.