Mgombea wa Hasira
Hasira za wapigakura, ambazo Uingereza hukipandisha chama kama Reform UK kwenye kura za maoni, mpakani mwa Kenya na Uganda, Busia na Tororo, humwangukia mgombea binafsi. Huyu huzaliwa usiku wa mchujo wa chama, pale cheti cha uteuzi kinapompita puani.

Paul Otuoma alikosa tiketi ya chama cha ODM mwaka 2017, akawania ugavana wa Busia kivyake, akaanguka. Mwaka 2022 alirudi na tiketi ileile ya ODM, akashinda. Hasira, inaonekana, zilikuwa zimeisha.

Ng'ambo ya mpaka, uchaguzi wa Uganda wa 2021 uliingiza bungeni wabunge binafsi zaidi ya 70, huku NUP, chama kikuu cha upinzani, kikiambulia 57. Wengi wa binafsi hao huitwa "wanaoegemea NRM", chama tawala: wamegoma, ila fulana ya njano hawajaivua.