Sifa za Simu Isiyojua Mpaka

Busia tumezoea kuilaani simu inayoruka mtandao. Umekaa zako Sofia, upande wa Uganda, unangoja chapati ya mayai igeuzwe, mara kioo kinawaka: karibu Kenya. Hujanyanyua mguu, hujagongewa muhuri. Wengine husonya. Mimi nasema simu hiyo ivikwe taji.

Kwanza ni nyepesi kuliko serikali zote mbili. Kituo cha pamoja cha mpakani, walichokizindua marais Kenyatta na Museveni Februari 2018, kilijengwa ili msafiri asipange foleni mara mbili. Simu haipangi hata mara moja. Kila mnara hutangaza namba tatu za nchi yake, 641 kwa Uganda na 639 kwa Kenya, na laini yako nayo imeandikwa namba za kwao. Mnara wa nyumbani ukififia, au umeme ukikatika, simu huukumbatia mnara wa Marachi, ng'ambo ya pili, bila kuuliza bei. Ikishaukumbatia, haina haraka ya kurudi.

Bei, naam! Hapo ndipo ukarimu wake unapozidi. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda ziliafikiana kushusha gharama za kupigiana simu, na kupokea kukawa bure. Makubaliano yale yalihusu sauti. Basi simu yetu, kwa huruma zake, ikajishughulisha na intaneti. Mama aliyeshuka na karanga kutoka Kisoko anafungua picha za mjukuu wake. Bando lake halitambuliwi ng'ambo, kwa hiyo kinacholiwa ni salio. Lakini tuwe waungwana: amezuru nchi ya kigeni bila kulipa nauli ya boda, na hapa ndipo boda zilipopatia jina.

Wala usidhani kutojua kwako ni wapi ni ugonjwa wa simu za bei nafuu tu. Kompyuta kuu za IBM, zile zinazotumiana kazi za benki usiku kucha, zinaugua vilevile. Kila mtambo katika mtandao wao lazima utajiwe jina lake, lisilozidi herufi nane. Fundi akisahau, mtambo hujiita N1, na mwenzake aliyesahauliwa naye hujiita N1, usijue yupi ni yupi. Mafundi hao wangeletwa kusomea kwetu, penye miji miwili inayopakana na yote inaitwa Busia, wangehitimu mapema.

Asiyetaka neema hii ya simu anayo njia. Aingie kwenye mipangilio ya simu, azime uchaguzi wa mtandao wa moja kwa moja, achague kampuni yake mwenyewe, kisha azime data ya ng'ambo. Afanye hivyo kabla ya kufika mjini, salio likiwa bado lipo. Ila asije akanung'unika kwamba Kenya haikumkaribisha.