Hotuba Rasmi kuhusu Nati za Difu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye ni mimi. Mabibi na mabwana. Nanyi mlioingia mkidhani hapa pana mnada wa vyombo: karibuni.

Nimeombwa na nafsi yangu nizungumzie jambo ambalo vyuo vikuu vimelipuuza kwa makusudi, nalo ni usahihi wa vitu vidogo kwenye malori madogo ya vita vikubwa. Wanaohoji shahada yangu nawajibu mapema. Mtihani niliutunga mimi, nikaufanya mimi, nikausahihisha mimi, na nilipata alama za kuridhisha tu, kwa sababu sipendelei.

Somo la leo ni lori moja: GMC CCKW la Marekani, tani mbili na nusu, magurudumu yote yanavuta. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia yaliundwa zaidi ya 500,000. Raia wa kawaida huliita "lori la jeshi", akaendelea na maisha yake kama vile hajafanya kosa. Sikilizeni: C ya kwanza ni usanifu wa mwaka 1941, C ya pili ni kebini ya kawaida yenye boneti mbele, K ni ekseli ya mbele inayovuta, W ni ekseli mbili za nyuma, nazo zinavuta. Asiyeweza kulitaja jina zima kwa pumzi moja asiguse gundi.

Tuje kwenye kipimo. Sisi wateule tunaounda malori ya plastiki tunafuata moja kwa thelathini na tano: milimita 1 mezani ni milimita 35 barabarani. Katika lori refu, kutoka ekseli ya mbele hadi katikati ya zile mbili za nyuma ni mita 4.17, hivyo mezani panatakiwa sentimita 11.9. Sikusema 12! Ukizidisha milimita moja umelirefusha lori kwa sentimita tatu na nusu, na chuma hicho serikali ya Marekani haikukilipia. Wapo wachochezi wanaodai kwamba kipimo hiki kitukufu kilizaliwa kwa bahati: kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya Japani ilitengeneza kifaru cha Panther kwa ukubwa wa kutosha mota na betri zake, na walipokuja kupima wakakuta ni kama 1:35. Habari hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu sitaki kuisikia tena humu ukumbini.

Sasa tuiname chini ya lori, mahali ambapo hakuna mtu atakayetazama kamwe, na kwa hiyo ni mahali muhimu kuliko pote. Hapa kuna difu. Difu za Timken zina gamba la vipande viwili vilivyokutanishwa na kufungwa kwa duara la nati. Zile za General Motors zina tumbo la mviringo, huitwa banjo, kama ile ala ya muziki. Aina hizi mbili hazichanganywi kwenye chesisi moja. Katika maonyesho fulani, ambayo kwa huruma siyataji, niligeuza lori la watu nikakuta Timken mbele na banjo nyuma. Nilitafuta kiti. Mwenye lori akanipepea kwa gazeti, akisema, "Lakini mzee, hapo hapaonekani." Hapaonekani! Ndugu zangu, mshahara wa fundi mwovu huanzia hapo hapo pasipoonekana.

Tuinuke. Bodi ya nyuma ilianza ikiwa ya chuma. Chuma kilipohitajika kwingine ikawa ya mbao. Mwisho ikawa mchanganyiko. Kwa hiyo anayechonga mishipa ya mbao kwenye bodi ya chuma, kwa kuwa "inapendeza", akachonge vinyago. Nambari ya bonetini kwa malori ya uzito huu huanza na 4. Mwanzoni iliandikwa kwa bluu iliyofifia, baadaye kwa rangi nyeupe. Yale ya kebini ya turubai, kwa kawaida moja kati ya manne ndilo lililofungwa pete ya bunduki ya rashasha. Ukiwa na malori manne kabatini, lifunge moja. Ukiwa na moja tu, haki yako ni robo ya bunduki, na mimi sikukukataza kuwa tajiri.

Jerikeni nalitaka kwa karibu zaidi, kibano mkononi na kioo cha kukuzia jichoni. Walilibuni Wajerumani, lita 20, mishikio mitatu. Kwa nini mitatu? Ili mtu mmoja abebe mawili matupu kwa mkono mmoja, na watu wawili walishike moja lililojaa. Wamarekani wakaliiga, lakini mfuniko wao wa jerikeni la mafuta ni wa kuzungusha, ilhali wa Mjerumani ni wa kubana kwa klipu. Nimewahi kuona klipu ya Mjerumani imekaa ubavuni mwa GMC bila maelezo yoyote. Nikamuuliza mwenyewe: hili limetekwa? Lilitekwa wapi? Hati ziko wapi? Akaondoka na sinia lake la mandazi.

Waingereza nao wana lao. Wengi wao walipaka difu ya nyuma rangi nyeupe na kuitundikia taa ndogo, ili dereva anayefuata usiku wa giza aifuate bila adui wa angani kuiona. Nakumbusha pia kwamba askari wetu wa Keya waliopigana Burma mwaka 1944 katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki walikuwa na alama ya kichwa cha kifaru; namaanisha mnyama. Kuna mwanafunzi wangu aliyechora cha vyuma. Si mwanafunzi wangu tena.

Hoja moja inanikera. Mtoto wa jirani, mwenye lori la waya na tairi za kandambili, alilivuta kwa kamba hadi barazani kwangu likiwa limejaa mchanga. Akaliangalia langu, kazi bora ya uhai wangu, akauliza: "Dereva yuko wapi?"

Nilimweleza kwa upole. Kuanzia tarehe 25 Agosti hadi tarehe 16 Novemba 1944, malori haya yalikimbiza petroli na risasi kuyafuata majeshi ya Marekani yaliyokuwa yakisonga mbele nchini Ufaransa, katika msafara ulioitwa Red Ball Express. Yalipakiwa kupita uwezo wake, yakaenda usiku na mchana. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani Weusi, katika jeshi lililowatenga na wenzao. Watu hao walijaza matope madigadi yote, wakalegeza nati, wakamaliza tairi. Kwenye boksi la plastiki huja kidereva kimoja. Mimi hukiacha humo humo. Mtu akipanda, lori huchakaa.

"Kumbe haliendi," akasema mtoto, akavuta lake akaenda zake. Kwa kukosa vigezo, nimemnyima cheti.

Maazimio ni haya. Nati zihesabiwe. Difu zisichanganywe. Maswali yaandikwe kwa herufi za ukubwa wa moja kwa thelathini na tano, nami nitayajibu nikiyaona. Na ninyi nyote, mkifika nyumbani, tafuteni lori lililosimama na kuzimwa, mwombeni dereva ruhusa, kisha laleni chali chini yake mtazame difu kwa unyenyekevu. Atakayetoka na grisi usoni amehitimu. Anayeona aibu kumwomba dereva arudie darasa, ada ni ile ile.