Namna ya Kuharibu Tafsiri ya Kinorwe Bila Kupoteza Heshima

Kazi umeshaipokea. Iwe mwongozo wa mashine, filamu ya saa mbili au mkataba wa mwanasheria, inatoka Kiingereza kwenda Kinorwe na mwenyewe anaitaka Ijumaa. Kinorwe unakijua kiasi cha kuagiza kahawa Oslo bila kuonyesha kwa kidole. Kinatosha. Lugha hizi mbili ni za ukoo mmoja, zimeazimana maneno tangu enzi za Waviking, na mambo ya ndugu humalizwa nyumbani. Funga kamusi, tuanze.

1. Shika maana ya kwanza inayokujia.

Kiingereza kina tabia ya kulipa neno moja kazi za watu kumi. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford wamehesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi run peke yake. Mfasiri anayelipwa kwa neno hawezi kuzisoma zote na bado akala. Ukikuta spring kwenye mwongozo wa pampu, andika vår, majira ya machipuko. Fundi wa Bergen atasoma kwamba akilegeza skrubu vibaya, majira ya machipuko yatamrukia usoni. Kwa baridi ya kule, atalegeza zote. Seal ya kuzuia mafuta yasivuje iite sel, yule mnyama wa baharini mwenye masharubu, na umwachie fundi kazi ya kumkaza mahali pake. Na ikitokea umeandika neno sahihi la springi, fjær, usione aibu. Neno hilo hilo ni unyoya, kwa hiyo bado kuna matumaini ya kueleweka vibaya.

2. Amini sura.

Maneno yanayofanana ni mamoja. Nani ana muda wa kuchunguza nasaba? Eventually mgeuze eventuelt. La Kiingereza ni “hatimaye” na la Kinorwe ni “pengine, ikitokea”, lakini tofauti hiyo ni ya mahakama. Deni lililopaswa kulipwa hatimaye sasa litalipwa ikitokea, na mdaiwa atakuita rafiki maisha yake yote. Billion nayo iache ilivyo. Kwa Mwingereza wa leo ni moja na sifuri tisa. Mnorwe kiasi hicho hukiita milliard, na billion yake ina sifuri kumi na mbili. Umemzidishia mteja fedha mara 1,000 na hukumtoza hata senti ya ziada.

Gift ndilo nilipendalo zaidi. Kwa Kiingereza ni zawadi, kwa Kinorwe ni sumu. Kwa Kinorwe pia ni mtu aliyeoa au kuolewa, na hapo mimi sisemi kitu.

3. Usibembeleze vitenzi vya moyoni.

Hapa ndipo wanaojiita wataalamu hukesha. Mwingereza ana think, basi. Mnorwe kaligawa shamba hilo vipande: tenke ni kuwaza, tro ni kudhani jambo ambalo huna hakika nalo, mene ni kuwa na msimamo, na synes ni kutoa maoni juu ya kitu ulichokionja au kukiona mwenyewe. Chagua kimoja, tuseme tro, ukipande kila mahali.

Tazama faida yake. Mhusika wa filamu yako amekaribishwa kwa mama mkwe. Mezani kuna fårikål, nyama ya kondoo iliyochemshwa na kabichi, chakula cha taifa. Mdomo umejaa, sahani ya pili iko mbele yake, na anasema anaona chakula ni kitamu. Kwa tro yako, amesema anadhani ni kitamu, kama mtu aliyesikia tetesi. Mama mkwe anaweka kijiko chini. Mwandishi wa filamu hakuwahi kufikiria mgogoro huo, umempa bure.

Bibi naye ni mtihani. Kiingereza kinasema grandmother na kunyamaza, lakini Mnorwe anataka kujua kama ni mormor, mzaa mama, au farmor, mzaa baba. Siri hiyo kwa kawaida hufichuka ukurasa wa 300, wakati wewe uko wa 12. Sisi tuliowahi kumtafsiri aunt bila kuambiwa kama ni shangazi au mama mdogo tunajua dawa: rusha sarafu.

4. Nahau zitafsiri neno kwa neno, uso mkavu.

Mvua ya Kiingereza ikiwa kubwa hunyesha paka na mbwa. Waachie Wanorwe paka na mbwa hao. Wao wenyewe husema inanyesha trollkjerringer, yaani mazimwi ya kike yaliyozeeka, na watu wanaoangukiwa na bibi zimwi hawatashangaa kuona paka. Mwingereza anayelipia kitu bila kukikagua amenunua nguruwe ndani ya mfuko. Mnorwe amenunua paka ndani ya gunia. Sisi tumeuziwa mbuzi. Peleka nguruwe Norwe kama alivyo. Muhimu ni kwamba gunia limefungwa.

Mhariri akilalamika, mtolee bundi. Mnorwe akihisi kuna jambo limefichwa husema kuna ugler i mosen, bundi kwenye mose, ile mimea laini ya kijani inayotanda juu ya mawe msituni. Bundi anatafuta nini humo? Hatafuti kitu. Msemo ulitoka Denmark, na kule walikuwa mbwa mwitu, tena ndani ya kinamasi, ambako kweli kuna sababu ya kuogopa. Matamshi yakawageuza mbwa mwitu kuwa bundi. Msemo ulipovuka maji, kinamasi nacho kikakauka, maana mose ya Kidenmark ni kinamasi na ya Kinorwe ni hiyo mimea. Makosa mawili ndani ya maneno matatu, na leo ni Kinorwe safi kilichomo kwenye kamusi. Wewe una kosa moja unatetemeka?

5. Bonyeza nafasi.

Kiingereza hupenda kuandika maneno yakiwa yamesimama mbalimbali, Kinorwe huyaunganisha. Usiyaunganishe. Lammelår ni paja la mwanakondoo, chakula cha sikukuu. Lamme lår ni mapaja yaliyopooza. Røykfritt ni mahali pasipovutwa sigara. Røyk fritt ni “vuta upendavyo”. Norwe ilipiga marufuku sigara ndani ya mabaa na mikahawa mwaka 2004, na wewe umeifuta sheria hiyo kwa kidole gumba.

6. Ukichoka, iachie mashine.

Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 huko Korea Kusini, wapishi wa timu ya Norwe walitaka mayai 1,500. Wakaandika oda kwa msaada wa programu ya kutafsiri ya Google. Yakashushwa 15,000. Timu hiyo iliondoka na medali 39, nyingi kuliko nchi yoyote. Anayesema tafsiri mbovu inadhuru alete ushahidi mwingine.

7. Pasipotafsirika, bandika jina jipya.

Filamu ya papa, Jaws, iliitwa Haisommer, Kiangazi cha Papa. The Shawshank Redemption ikawa Frihetens regn, Mvua ya Uhuru. Hakuna aliyekamatwa.

Ila jihadhari na Torstein Bugge Høverstad, aliyetafsiri Harry Potter. Huyu alipokutana na mchawi Dumbledore alikwenda kugundua kwamba jina hilo ni neno la zamani la Kiingereza la nyuki yule mnene mwenye manyoya, akamwita Humlesnurr, kwa kuwa humle ni nyuki huyo na snurr ni kuzunguka. Shule ya Hogwarts, yenye nguruwe na chunjua ndani ya jina lake, akaifanya Galtvort, yenye nguruwe dume na chunjua ndani yake. Watoto wa Norwe wamekua na majina hayo kana kwamba yalizaliwa kwao. Mtu kama huyu anatuharibia soko. Usimuige.

8. Simu ikiita.

Itaita. Filamu zisizo za watoto Norwe haziingizwi sauti mpya. Watazamaji husikiliza Kiingereza huku wakisoma Kinorwe chini ya picha, na Kiingereza wanakijua. Kila aliyekaa sebuleni ni mkaguzi.

Usibishane wala usiombe radhi. Kumbuka kwamba nchi hii ina Kinorwe cha kuandika cha aina mbili, bokmål na nynorsk, vilivyopewa hadhi sawa tangu 1885, na kwamba katika kuzungumza kila bonde lina lahaja yake na hulionea fahari. Hata “mimi” ni jeg kwa huyu, eg kwa yule, æ kwa mwingine. Basi mwenye kazi akikuuliza neno hili ulilitoa wapi, mjibu kwa upole kwamba ndivyo wanavyosema magharibi, kisha muulize: kwani nyinyi kwenu mnasemaje? Ataanza na kijiji cha babu yake. Msikilize, guna kidogo kila baada ya muda, na wakati anafika kwa ndugu wa upande wa mama, mtumie ankara.