Mrushaji Kahama, Mnamnunia Nani?

Ndugu zangu wa Buhembe, waitu, pokeeni salamu kutoka Marekani, nchi ambayo watu wazima hulipa kiingilio ili watafune karanga huku mtu mmoja akirusha kampira na mwingine akikakosa kwa gongo. Mchezo huo huitwa besiboli, na mwenye heshima zote ni mrushaji. Husimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, hutema mate, hutazama huku na huku kama mshenga aliyesahau ujumbe, halafu anaachia kombora ambalo macho hayalioni. Warushaji walikuwa wakichelewa hivyo mpaka mwaka 2023 ligi ikaamua kuwawekea saa. Nawaeleza haya kwa kuwa nawajua: Clatous Chama alivuka kutoka Simba kwenda Yanga Julai 2024, na vijiwe vya Rwamishenye na Kashai havikosi hakimu wa kumsomea shtaka la usaliti. Mimi nasema hasira hiyo imepotea njia. Mchezaji akihama, kabla ya kumnunia yeye tazameni kwanza nani aliacha mlango wazi.

Mfano wa huku ni Shohei Ohtani, Mjapani anayerusha na kupiga pia, jambo ambalo wenzake hawaliwezi. Aliichezea Los Angeles Angels misimu sita, 2018 hadi 2023, na katika misimu yote hiyo timu haikufika hata mara moja kwenye hatua ya mtoano. Desemba 2023, mkataba ukiwa umekwisha, akasaini Los Angeles Dodgers, ambao uwanja wao hauko mbali na ule wa Angels kuliko Bukoba ilivyo mbali na Muleba. Bei ilikuwa dola milioni 700 kwa miaka kumi. Uhondo wenyewe ni kwamba alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kiwiko, kwa hiyo mrushaji huyo wa bei mbaya mwaka 2024 hakurusha hata mpira mmoja kwenye mechi! Alipiga tu na kukimbia, na Dodgers wakabeba ubingwa. Sasa niambieni, shabiki wa Angels amnunie nani: aliyevumilia misimu sita, au viongozi walioshindwa kumjengea timu?

Msiniambie hayo ni mambo ya Wazungu na Wajapani, maana ushahidi mzito kuliko huo unahusu Kagera Sugar, timu inayocheza Kaitaba. Kipa Juma Kaseja alikuwa golini Cairo mwaka 2003, Simba walipomvua Zamalek ubingwa wa Afrika kwa mikwaju ya penalti. Mtu wa namna hiyo ungedhani angezeekea Msimbazi. Mwaka 2013 Simba hawakumwongezea mkataba. Akaenda Yanga, akapita Mbeya City, akatua Kagera Sugar. Tarehe 19 Mei 2018 Simba, waliokuwa hawajafungwa msimu mzima kwenye ligi, waliandaa sherehe Uwanja wa Taifa, na Rais Magufuli akaja kuwakabidhi kombe. Edward Christopher akaifungia Kagera Sugar bao. Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akaenda kupiga, Kaseja akaidaka. Ikaisha 1-0, na kombe likakabidhiwa kwa timu iliyotoka kufungwa. Na mtazameni huyo Okwi: naye alikwisha kuvaa jezi ya Yanga kabla ya kurudi Simba. Siku ile mpigaji na mdakaji wote walikuwa "wasaliti", lakini sikumbuki Mhaya aliyedai Kaseja arudishwe kwa sababu moyo wake ungeweza kuwa Dar es Salaam.

Najua nshomile mmoja, msomi wetu wa kijiweni, atasimama na kuuliza: na Feisal Salum je? Swali la haki. Desemba 2022 alitaka kuondoka Yanga mkataba ukiwa hai, shirikisho la soka, TFF, wakasema bado ni wa Yanga, na sakata likakokotwa mpaka Rais Samia mwenyewe akawaomba Yanga walimalize, ndipo mwaka 2023 akauzwa Azam. Hapo nakubali, mchezaji alivuta mlango kwa nguvu. Lakini mmoja aliyevunja utaratibu hawezi kuwatia hatiani kina Kaseja, Chama na Ohtani, walioondoka wakati karatasi zao zimekwisha. Mwingine atasema ni tamaa ya fedha. Ohtani alikubali dola milioni 680 kati ya zile 700 zilipwe baada ya mkataba, kuanzia 2034, ili klabu ibaki na nafasi ya kusajili wengine. Ni tajiri, sibishi, ila mwenye pupa hasubiri miaka kumi. Na anayesema moyo hauna mkataba, namuunga mkono kabisa: basi na uendelee kumpenda mtu huyo huko alikokwenda, maana hakuna kanuni ya TFF inayokataza.

Mwisho, la nyumbani. Kagera Sugar ilishuka daraja mwaka 2025, na timu ikishuka wachezaji huondoka. Msiwazomee wanaofunga mabegi. Siku ya mkutano muulizeni uongozi mikataba yao iliisha lini na nani alikuwa na kazi ya kuiongeza, kisha Jumamosi mwende Kaitaba mkalipe kiingilio.