Namna ya Kunywa Juisi Bukavu Kabla Haijawa Kasiksi

Hesabu vinywa kwanza, matunda baadaye. Huo ndio mwanzo wa juisi yoyote ya nyumbani hapa Bukavu, na hapo ndipo nyumba nyingi zinapoharibu kazi. Mtu anarudi kutoka soko la Kadutu na kikapu cha marakuja, anakamua yote kwa mara moja, anajaza bidoni ya lita tano iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, kisha anawatangazia watoto kwamba juisi ya wiki nzima imepatikana. Iliyopatikana ni juisi ya leo. Kuanzia kesho kutwa ndani ya ile bidoni kuna kitu kingine, na kama mwenye nyumba anasali katika kanisa linalokataza pombe, basi ana jambo la kueleza.

Tunda zima ni ghala lililokwisha kufungwa na fundi hodari kuliko sisi sote. Marakuja yanakaa juu ya meza karibu wiki nzima bila umeme na bila kifuniko, yakikunjamana tu na kuongeza utamu. Yakate, uyakamue, na mabadiliko yanaanza saa ileile. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na niko tayari kuitetea mbele ya mama mkwe yeyote: hifadhi matunda, usihifadhi juisi. Watu sita mezani wanatosheka na lita moja na nusu. Mgeni akibisha hodi bila taarifa, mkaribishe, mpe kiti, kisha kata mengine. Hatakufa kwa kungoja dakika kumi, na atakunywa kitu ambacho kingali na harufu ya tunda.

Sokoni, acha macho na utumie pua na kiganja. Mananasi mengi mazuri yanatujia kutoka kisiwa cha Idjwi, yakivushwa ziwani kwa mtumbwi au kwa boti, na ubora wake unajulikana kabla ya kisu. Linuse kwenye kitako. Likinukia, nunua, lisiponukia, liache, hata likiwa na rangi ya dhahabu. Nanasi likishakatwa shambani halina tena akiba ya wanga wa kugeuza kuwa sukari. Ukiliweka dirishani siku tatu litabadilika rangi na kulainika, lakini utamu hauongezeki. Kwa marakuja ni kinyume: lile laini linalong'aa bado lina uchachu mkali, na lile lililokunjamana ndilo limeiva. Lipime kiganjani. Zito kwa umbo lake, chukua. Jepesi, limekauka ndani. Na usisahau matabishi yako, ile nyongeza ya bure. Yaombe kwa heshima, “Mama, uniongezee hata kamoja,” na mama akishaongeza, usimwombe tena.

Sasa maji. Watu wanabishana juu ya sukari na tangawizi wakati nusu ya glasi yao ni maji ambayo hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Kivu Kusini ni mojawapo ya majimbo ya Kongo ambako kipindupindu kinapungua na kurudi, kinapungua na kurudi, hasa kwenye mitaa ya kando ya ziwa na pale ambapo bomba la REGIDESO halitoi kitu na bidoni zinajazwa popote. Uchachu wa tunda hauyasafishi maji machafu papo kwa papo. Yachemshe. Mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa maji yanachemka kwenye nyuzi kama 95, si 100. Bado joto hilo linaua vijidudu vya kipindupindu, ila uache yatokote kwa nguvu dakika nzima, si kuonyesha moshi kidogo na kuepuliwa kwa sababu makaa ni ghali. Yapoze yakiwa yamefunikwa. Maji hayohayo ndiyo ya kuoshea matunda mara ya mwisho, kwa sababu kisu kinabeba uchafu wa ganda na kuupeleka ndani ya nyama ya tunda. Na barafu? Baridi haiui vijidudu, inavilaza tu. Barafu ya maji yasiyochemshwa ni maji yasiyochemshwa.

Tuje kwenye kazi yenyewe, na nitakaa kwenye marakuja kwa sababu ndiyo yanayoonewa zaidi. Mtu anamwaga kila kitu ndani ya mikseri, anabonyeza, mashine inanguruma dakika mbili, na juisi inatoka na vumbi jeusi na ladha ya ukali usioondoka hata kwa sukari ya robo kilo. Ni mbegu zilizosagwa. Mbegu za marakuja hazikuumbwa zisagwe. Kata tunda katikati, juu ya chujio lililokaa kwenye bakuli, ili hata tone la kwanza lisipotee. Komba ndani kwa kijiko mpaka ubaki utando mweupe. Mimina juu yake nusu kikombe cha maji vuguvugu, kisha sugua kwa mgongo wa mwiko, ukizungusha na kukandamiza. Mwanzoni mbegu zinateleza, kila moja imevaa kifuko chake cha njano. Endelea. Baada ya muda mfupi vifuko vinapasuka, mwiko unaanza kukwaruza, na mbegu zinabaki nyeusi, safi, zikigusana kwa sauti kavu. Hapo umemaliza. Kilichoko kwenye bakuli ni kizito na kikali. Kiongezee maji yaliyopoa, vikombe vitatu kwa kimoja, uonje, kisha ndipo uifikirie sukari. Hiyo sukari iyeyushe kwanza katika maji ya moto kidogo. Ukiimwaga mbichi inalala chini ya jagi, na mtoto wa mwisho kuhudumiwa anakunywa asali wakati wa kwanza amekunywa ndimu.

Pruni ya Japani, ile nyekundu yenye umbo la yai ambayo wengine wanaiita nyanya ya mti, haina shida ukijua jambo moja: ganda lake ni chungu. Itumbukize katika maji ya moto kwa dakika moja, ganda linabanduka lenyewe. Nanasi lisafishe mpaka macho yote yatoke, na usilichanganye na maziwa ikiwa bado bichi, kwa sababu lina kimeng'enya kinachovunja protini na kuyageuza maziwa kuwa machungu. Maganda yake yaliyooshwa vizuri yachemshe na tangawizi. Kuyatupa ni dhambi. Avoka isagwe na inywewe hapohapo. Nusu saa baadaye imeshakuwa kahawia, na limau linaichelewesha tu.

Najua, hata hivyo, kwamba kuna mtu ambaye amesoma yote haya akiwa bado ameishikilia bidoni yake. Tuongee.

Hoja yake ya kwanza ni kwamba Bukavu ni baridi. Si Uvira hapa, anasema, vitu haviharibiki haraka. Lakini jioni zetu za sweta zinamsumbua yeye, hazisumbui hamira. Kwa nyuzi 20 hamira inafanya kazi vizuri kabisa, na ushahidi uko katika kila kijiji cha Bushi hapa jirani. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, inatengenezwaje? Ndizi zinaivishwa, zinakandwa na majani mpaka zitoe maji yake, maji yanatiwa unga wa mtama uliokaangwa, yanafunikwa, na baada ya siku mbili au tatu watu wanaimba. Hakuna aliyekwenda dukani kununua hamira. Ilikuwa tayari kwenye maganda, kwenye mtama, kwenye chombo. Hamira hiyohiyo iko kwenye ganda la nanasi lako na kwenye shingo ya ile bidoni ambayo haikuoshwa vizuri. Chupa ya plastiki ikianza kuvimba tumbo, na kifuniko kikifyonya unapokifungua, usiionje kwanza uone kama “bado kidogo”. Kasiksi angalau ina mpishi anayeijua kazi yake. Hiyo yako imejitengeneza yenyewe, pamoja na wageni ambao hukuwaalika. Imwage, na hasa usimpe mtoto.

Hoja ya pili ni firigo. Firigo ni kitu kizuri sana mahali penye umeme. Juisi mbichi ndani ya baridi ya kweli, karibu nyuzi 4, inakaa siku mbili, tatu kwa taabu. Kampuni ya umeme, SNEL, ikikata, firigo ambayo mlango wake haufunguliwi inashika baridi kwa muda wa saa nne hivi. Baada ya hapo ni kabati jeupe. Kwa hiyo anayehifadhi juisi kwenye firigo ajue saa umeme ulipokatika, na awakataze watoto kufungua mlango kila dakika kuangalia kama juisi bado ipo.

Na hapa kuna jambo linaloniuma kuliko kuharibika kwa juisi. Umeme wetu unatoka mtoni. Ruzizi I ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pale ziwa Kivu linapomwagikia mtoni, na Ruzizi II ikafuata mwaka 1989 kwa ubia wa Kongo, Rwanda na Burundi. Mvua ikinyesha juu ya milima ya mji huu, mitaro inazoa kila kilichotupwa na kukipeleka ziwani, na mkondo wa ziwa unakisukuma kuelekea lango la bwawa. Chupa za plastiki, mifuko, vifuniko, vyote vinajikusanya mbele ya mitambo. Wafanyakazi wanavitoa, vinarudi, na mitambo inapozibwa, mji unakaa gizani. Fuata basi njia ya chupa moja: umeinywa juisi, umeitupa chupa mtaroni, mvua imeichukua, imeziba Ruzizi, umeme umekatika, firigo imepata joto, na juisi iliyobaki imechacha. Aliyechachisha juisi yako ni wewe. Hatuwezi kuilaumu SNEL kwa kila kitu huku tukiitupia takataka kwenye koo.

Kwa hiyo kama ni lazima uhifadhi, kwa sababu msimu wa marakuja umejaa na bei imeshuka, au kuna harusi, hifadhi kwa glasi na moto. Njia hii si siri. Mfaransa Nicolas Appert, mtengenezaji wa peremende, aliichapisha mwaka 1810 na serikali ya nchi yake ikamlipa faranga 12,000: weka chakula kwenye chupa ya glasi, ziba vizuri, chemsha. Yeye mwenyewe hakujua kwa nini inafaulu. Maelezo yalikuja zaidi ya nusu karne baadaye kwa kazi ya Louis Pasteur. Na mwaka 1869, huko Vineland, New Jersey, daktari wa meno aitwaye Thomas Welch aliipasha moto juisi ya zabibu ndani ya chupa ili kanisa lake lipate kinywaji cha meza ya Bwana kisicho na pombe. Nawaambia hivi wale ambao kasiksi haivuki kizingiti chao: moto ndio uliolinda msimamo wa Welch.

Chukua chupa za glasi zenye vifuniko vya chuma vinavyofunga kwelikweli. Zioshe, zichemshe pamoja na vifuniko, uziache ndani ya maji ya moto mpaka dakika ya kuzijaza. Chupa baridi ikipokea juisi ya moto inapasuka mkononi. Pasha juisi juu ya mbabula, lile jiko la makaa, kwa moto wa wastani, ukikoroga, mpaka mvuke upande na mapovu madogo yazunguke ukingo wa sufuria. Ukiacha itokote kama maharage, utapata supu ya marakuja. Ishike katika joto hilo dakika tano. Jaza mpaka karibu na mdomo, funga mara moja, ilaze chupa ubavu kwa dakika kadhaa ili moto uguse kifuniko kwa ndani, kisha isimamishe juu ya kitambaa kikavu ipoe polepole. Andika tarehe. Weka gizani. Itakaa wiki kadhaa. Ukishaifungua, inywewe siku hiyo au kesho yake.

Lakini hii ni kwa matunda machachu tu: marakuja, pruni ya Japani, nanasi lililotiwa limau. Papai, tikiti, ndizi na avoka usithubutu. Hayana uchachu wa kutosha, na kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa moto wa mbabula. Vikifungiwa chupani bila hewa na bila uchachu, vinatoa sumu isiyo na harufu wala povu la kukuonya. Hayo uyale yakiwa vipande, kwa uma, au uyasage na kuyanywa hapohapo.

Chupa za glasi zimekuwa haba mjini, kwa hiyo ukimpelekea jirani juisi, mwambie waziwazi: “Yaya, juisi ni yako, chupa ni yangu.” Akiirudisha ikiwa safi, mjazie tena. Asipoirudisha ndani ya wiki mbili, mtume mtoto akaidai, na wala usione haya.